Kinyozi Hajinyoi? Dada, Shika Mkasi

Kabla ya yote, tumalize kesi ya jina. Zile nywele zinazokatwa fupi mbele zikaangukia paji la uso, Waingereza wanaziita fringe, Wamarekani wanaziita bangs. Sasa hilo la Kimarekani ukilitamka kipwani unapata bangi. Hebu fikiria msichana anamtumia shoga yake voisi: "Mamangu katoka, njoo unisaidie kukata bangi hapa nyumbani." Hiyo voisi ikimfikia baba, hakuna atakayengoja kuelezwa kwamba ilikuwa habari ya nywele. Kwa hivyo hapa tutasema frinji na tutalala salama.

Maoni yangu leo ni mafupi, maelezo ndiyo marefu. Msichana mwenye nywele za kipilipili anaweza kujikatia frinji mwenyewe, nyumbani, kwa mkasi wake, na ikatoka poa. Lakini akate nywele alizo nazo kichwani. Asikate nywele za yule dada wa kwenye video.

Najua kuna mtu tayari ananitafutia methali. Kiswahili kimetuwekea mbili za kunyoa na zote mbili zinanipinga. Kinyozi hajinyoi. Na ile nyingine, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Moja inasema kazi ya kichwa chako ni ya mtu mwingine, nyingine inasema wembe ukishafika kwa jirani wewe kaa tayari, zamu yako inakuja. Nazipenda methali zetu, nimelelewa nazo. Lakini kwa mambo ya frinji hizi mbili zikae kando, na hiyo ya kutia maji utaona hapa chini ndiyo inayowamaliza wengi.

Video zenyewe unazijua. Dada amesimama mbele ya kioo cha bafu, bafu lenyewe kubwa kuliko chumba mnacholala watu watatu. Anachana nywele za mbele, anazilowesha, anazibana kwa vidole viwili, chwap, anapuliza na draya kidogo, anatabasamu. Dakika moja na nusu imeisha, frinji imekaa. Na wewe uko zako Muyeye au Kisumu Ndogo, umejilaza chini ya feni, unajiambia kwani hii ina ugumu gani.

Ugumu ni huu: yule dada ana singa. Nywele za singa zinavutwa chini na uzito wake zenyewe, kazi ya mkasi inakuwa ni kuchagua ziishie wapi. Kipilipili hakiendi hivyo. Unywele wetu unatoka kwenye ngozi ukiwa tayari na mpindo, kwa sababu hata kitundu unachootea kimepinda. Ukiukata ukaangalia ule upana wake, si duara, umebanwa kama yai lililokaliwa. Ndiyo maana unajizungusha kama springi ya kalamu. Uvute, unafika kidevuni. Uachie, umerudi juu ya nyusi. Ni unywele uleule na urefu uleule. Kipilipili kinaweza kuficha nusu ya urefu wake, na kwa wengine zaidi ya nusu.

Sasa tia maji kama methali inavyotaka. Nywele zinakuwa nzito, zinashuka, zinaonekana ndefu. Unaona zimefika kwenye nyusi, unakata hapo hapo kwenye nyusi. Zikikauka zinarudi kwao. Frinji uliyoipima kwenye nyusi sasa imesimama katikati ya paji kama kibandiko cha matunda ya supamaketi. Na nywele huota kama sentimita 1 hivi kwa mwezi, zetu mara nyingi chini ya hapo. Ukikata sentimita 6 zaidi ya ulivyotaka, hiyo ni nusu mwaka na ushee ya kuvaa kofia.

"Bas, nitapiga pasi kwanza." Sawa, tuongee pasi. Ndani ya unywele kuna vifungo vidogo vya haidrojeni vinavyosaidia kushikilia mpindo. Joto linavifungua, unywele unanyooka, ukipoa vinajifunga upya vikiwa vimenyooka. Kazi safi. Tatizo ni kwamba maji nayo yanavifungua vifungo hivyohivyo, na huku kwetu maji hayapatikani kwa mtungi peke yake. Yako hewani! Tunaishi mdomoni mwa bahari. Unatoka nyumbani Maweni saa mbili asubuhi frinji imelala kama karatasi, unapanda tuktuk, upepo wa bahari unakupiga njia nzima, ukishuka sokoni imeshajikunja. Ongeza jasho la mwezi wa tatu. Hata wageni hawaponi. Malindi na Watamu kumejaa Waitaliano miaka na miaka, nenda ufuoni umtazame mama wa Kiitaliano mwenye frinji baada ya wiki moja ya unyevu na chumvi: zinajipinda kila upande, amezibana na pini. Kama bahari hii inazishinda singa, itashindwaje na kipilipili chako ulichokipiga pasi alfajiri?

Kwa hivyo ukitaka frinji ya kulala kama ile ya video, njia zako ni mbili. Pasi kila siku asubuhi, mpaka nywele za mbele zikatike zenyewe bila mkasi. Au dawa. Na hapo ndipo habari ya frinji inaacha kuwa mchezo.

Hebu lisikilize hilo neno. Krimu ya kunyoosha nywele sisi tunaiita dawa. "Umetia dawa?" "Hizi nywele zataka dawa." "Dawa imekwisha, kipilipili kimeanza kuota huku chini." Tumelisema tangu utotoni mpaka masikio yamelizoea. Dawa ya nini? Malaria ina dawa. Minyoo ina dawa. Nywele zilizotoka kichwani mwako vile Mungu alivyozipanga, zilikuwa zinaumwa nini?

Wallahi, ugonjwa wenyewe tunaujua, hatuutaji tu. Mtoto akizaliwa huku, hakosi shangazi mmoja wa kufunua shali akague vitu viwili, masikio kama yataiva weusi, na nywele. "Mashallah, ana singa." Sijawahi kusikia, "Mashallah, ana kipilipili." Singa zinasomwa kama cheti cha ukoo, nani ana damu ya ng'ambo, nani wa mji, nani wa mashamba. Pwani hii tumechanganyika mamia ya miaka, Mgiriama, Mbajuni, Mwarabu, Muhindi, wote tunakula mahamri na mbaazi, lakini kichwani bado tunapangana foleni, na foleni yenyewe inaanzia kwenye nywele. Kisha msichana wa miaka kumi na saba anasema anataka frinji. Anafikiri ameomba staili. Kumbe ameitiwa foleni nzima.

Na hiyo dawa si mafuta ya nazi. Nyingi zina hidroksaidi ya sodiamu au jamaa zake, familia ile ile ya magadi makali ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Inaingia ndani ya unywele na kuvunja vile vifungo vya salfa vilivyo imara, ambavyo pasi haiviwezi, ndiyo maana kipande kilichotiwa hakirudi tena. Ndiyo maana pia inachoma ngozi ukizembea. Tena kuna hili. Oktoba 2022, watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Waliokuwa wametumia vinyoosha nywele zaidi ya mara nne ndani ya mwaka mmoja kabla ya kuulizwa, uwezekano wao wa kupata saratani ya mfuko wa uzazi ulikuwa zaidi ya maradufu ukilinganisha na wasiotumia. Walikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 70, ni asilimia 1.64 kwa wasiotumia na asilimia 4.05 kwa wanaotumia sana. Tuwe wakweli: 4 kwa 100 bado ni wachache, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinaandamana, haumalizi ubishi kwamba kimoja ndicho kilicholeta kingine. Mimi si daktari, chuo nilikiacha mwaka wa pili na huko nilikuwa nasomea biashara. Lakini kusoma namba naweza, na hizo namba hazinipi hamu.

Mtu mzima akiamua kutia dawa akijua anachofanya, kichwa ni chake, sina neno. Ninachokataa ni mtoto wa watu kutia dawa kwa ajili ya staili ya miezi miwili, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kuna frinji ya nywele zake mwenyewe.

Sasa mtu atauliza, inawezekanaje mwanamke wa miaka ishirini asijue nywele zake zinavyotembea? Ni rahisi. Hajawahi kukutana nazo.

Shule nyingi Kenya zinataka msichana awe na nywele fupi kabisa. Mashine inapita kichwani tangu msingi, na kwa wengi inaendelea mpaka kidato cha nne. Sababu nazijua na nyingine zina akili. Bweni la wasichana mia na maji ya kubahatisha, nywele ndefu ni kazi. Tena mwenye pesa na asiye nazo wanaonekana sawa, hakuna wa kuringia misuko ya elfu tatu. Nakubali. Lakini hesabu upande wa pili. Unamaliza KCSE mwezi wa kumi na moja. Krismasi inakukuta na sentimita mbili za nywele, mara ya kwanza maishani. Hazijafika popote, unapelekwa saluni kutiwa dawa ili uonekane mtu mzima. Dawa ikikatakata nywele, unasukwa. Misuko ikivuta nywele za pembeni, unavaa wigi. Mashine, dawa, misuko, wigi. Unafika miaka ishirini na mbili na hujawahi kuishi na nywele zako mwenyewe hata mwaka mmoja. Halafu usiku mmoja unashika mkasi, na watu wanashangaa mbona umekosea.

Mlinganishe na kakako. Yeye yuko kwa kinyozi kila wiki mbili, anakaa kwenye kiti, anazungumza mpira, anajua kisogo chake kilivyo na nywele zake za mbele zinaanza kurudi nyuma upande gani. Akibadilisha mkato hakuna anayemuuliza kitu. Wewe punguza vidole viwili tu, mtaa mzima unatafuta ni nani aliyekuacha.

Hata mahakama imeshaingizwa kwenye hili jambo. Januari 2019 msichana wa kidato cha kwanza alirudishwa nyumbani kutoka shule moja ya sekondari Nairobi kwa sababu ya rasta zake. Familia yao ni ya imani ya Rastafari, wakaenda Mahakama Kuu. Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Rastafari ni dini kama dini nyingine mbele ya katiba, na mtoto asifukuzwe shule kwa nywele zake. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini angalia alishinda kwa njia gani: ilibidi nywele ziwe ibada ndipo ziheshimiwe. Wewe ambaye unazipenda tu nywele zako, huna kesi.

Kuna wale watasema, "Aah, ni nywele tu." Hao ningewapeleka matembezi.

Tuanze na Lupita Nyong'o, binti yetu, mwenye Oscar yake tangu 2014. Novemba 2017 jarida la Grazia la Uingereza lilimweka kwenye jalada, na kabla ya kuchapisha wakafuta nywele zake za nyuma kwa kompyuta na kuzilainisha zilizobaki. Alilalamika hadharani, jarida likaomba radhi, mpiga picha naye akaomba radhi. Huyo ni mtu anayejulikana dunia nzima, na bado kuna mtu aliona nywele zake zilikuwa nyingi mno kwa ukurasa.

Kisha turudi nyumbani Kilifi, na hapa naomba tusicheke. Nyanya zetu wengi hawakubali nywele zilizokatwa ziachwe ovyo. Utazikusanya zote, uzichome au uzifukie, kwa sababu wanaamini mwenye nia mbaya akipata nywele zako amekupata wewe. Unaweza kuamini au usiamini. Lakini imani hiyohiyo ya uchawi ina upande unaoua. Kwa miaka mingi kaunti yetu imekuwa ikitajwa kwenye habari kwa wazee wanaoshambuliwa na kuuawa kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingi ukichimba unakuta nyuma ya shutuma kuna shamba mtu analimezea mate. Alama ya kwanza wanayotafuta ni mvi. Nywele nyeupe! Kuna wazee Ganze, Kaloleni, Magarini, wanaopaka rangi nyeusi vichwani, na hawafanyi hivyo kwa urembo. Wanajificha. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, wakaacha nyumba zao walizojenga kwa mikono yao.

Kwa hivyo usiniambie ni nywele tu. Katika kaunti ambayo mzee anajipaka rangi nyumbani kwake ili alale salama, tunajua vizuri sana kwamba watu husoma kichwa cha mtu kabla ya kumsikiliza. Frinji yako ni jambo dogo mbele ya hayo, sana. Hakuna atakayekufuata na panga. Lakini tabia ni ileile, ya kumtazama mtu nywele ukaamua yeye ni nani na anastahili nini. Na mimi naona kizazi chetu kinaweza kuanza kuiacha pale kilipo, kwenye kioo chake, kwa kujifunza kichwa chake bila aibu.

Haya, tushike mkasi sasa.

Kwanza pima kama ziko za kutosha. Vuta unywele wa mbele kabisa. Usipofika kwenye midomo, weka mkasi chini, subiri. Ukifika, endelea. Mkasi wenyewe uwe mkali na uwe wa nywele peke yake, si ule wa jikoni uliofungulia pakiti ya maziwa asubuhi. Mkasi butu unatafuna nywele, na ncha zilizotafunwa zinapasuka.

Osha nywele siku moja kabla, zipake mafuta yako, ziache zikauke zenyewe katika umbo lile unalotembea nalo mtaani. Usipige pasi, usilowe. Zikiwa kavu ndivyo zitakavyokuwa kesho na kesho kutwa, hazitakudanganya. Kisha gawa pembetatu: ncha moja juu ya kichwa, kama vidole vitatu kutoka nywele zinapoanzia, na pembe mbili zije chini kila moja juu ya mwisho wa nyusi. Nywele zote za nje ya hiyo pembetatu zibane nyuma, zisije zikaingia zisikohusika.

Sasa kata mzunguko mmoja mmoja. Ushike mwishoni bila kuuvuta, mkasi ukiwa umesimama wima, upunguze ncha. Anza katikati, ishia kwenye pua, hata kama roho yako inataka nyusi. Zitikise, angalia. Usikate mstari ulionyooka kama ukingo wa pazia, kipilipili hakina mstari na uzuri wake uko hapo. Halafu acha. Lala nayo. Oga, toka jua kali, panda boda, rudi jioni uangalie imekuwaje. Siku ya tatu ndiyo unapunguza tena kama bado unataka. Waliofanya kazi yote usiku mmoja saa sita, stima inapotea na kurudi, ndio hao tunaowaona na kofia.

Mwenye wigi, ivae kwanza, weka alama na pini pale unapotaka iishie, kisha kata chini ya alama. Kumbuka wigi haioti. Mwenye misuko, mwambie msusi wako akupangie mbele misuko myembamba michache ya kukata, na ncha zake amalizie yeye kwa maji moto, maana maji moto karibu na macho si kazi ya kujaribia nyumbani.

Na hapo kwa msusi nisimame kidogo, kwa sababu kuna watakaosema nawanyang'anya mama wa saluni riziki. Hapana. Wale kina mama wanaosuka barazani na vibandani kutoka Malindi mpaka Mtwapa wana elimu ambayo hakuna video itakupa. Wengi wao wakishika nywele zako tu wanajua ulizifanyia nini mwaka jana. Mara ya kwanza nenda, mlipe akukate yeye, na umuulize kila kitu: kwa nini hapa, kwa nini si pale. Umelipia mkato, ondoka na somo. Fundi mzuri hakosi wateja kwa sababu watu wamejua kujichana. Anayeogopa ujue ni yule anayekuuzia dawa kila miezi miwili.

Dada zangu wa buibui na mtandio, nanyi mmo. Kila mara kuna mtu wa kuuliza, "Frinji ya nini na wewe wajifunika?" Kwani chini ya mtandio kuna kichwa cha mtu mwingine? Anayejifunika ndiye hasa ana uhuru wa kujaribu, hana wa kumwonyesha isipokuwa anayemtaka. Siku ya harusi, kwenye sherehe ya wanawake watupu, mitandio ikishuka na asmini zikivaliwa, ndipo utajua ni nani alikuwa akizilea nywele zake kimya kimya mwaka mzima.

Kwa hivyo kwa wale wanaomaliza kidato cha nne mwaka huu, ombi langu ni moja. Mashine ikishaacha kichwa chako, usikimbilie dawa. Zipe nywele zako mwaka mmoja. Zioshe, zichane, zisuke mwenyewe vibaya mpaka uzisuke vizuri, zijue zikiwa kavu na zikiwa mbichi, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Mwaka ukiisha na bado unataka frinji, chukua mkasi uliosafishwa, kaa mbele ya kioo mchana kweupe, ukate kidogo kidogo ukijua unakata nini.

Ukimaliza, zikusanye zilizoanguka kama nyanya anavyotaka. Ukiamini ya uchawi au usiamini, sakafu lazima ifagiliwe.